Chupa ya Maji Isiyomwagwa

Marahaba, wanangu. Najua hamjanisalimia bado, lakini mtu aliyekulia Masasi hawezi kuanza kusema na vijana kabla salamu haijapita, kwa hiyo yenu nimeipokea mapema. Sasa kaeni.

Mimi ni Mama Tumaini. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara pale Mkomaindo mjini Masasi, jirani na hospitali, kwenye jengo dogo la bati la bluu ambako vikundi vya wakulima vilileta karanga na mahindi yao kupimwa sumukuvu, ile sumu inayoachwa na ukungu kwenye chakula kilichokaushwa vibaya. Nimestaafu. Naamka nikitaka, nafuga kuku, na mgongo unanisumbua. Lakini mtu akinitajia mashine yangu naacha hata sufuria ikiungua, na wanangu wameshazoea kula wali wenye ukoko mweusi kwa sababu hiyo.

Juzi binti mmoja aliyeajiriwa karibuni kwenye maabara ya kusini huku alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia.

"Shikamoo, bibi. Mashine inanionesha kitu ambacho nina hakika hakimo kwenye sampuli. Nimebadilisha kolamu, nimebadilisha taa, nimebadilisha kila kitu."

"Marahaba. Umebadilisha vyote kwa pamoja?"

"Ndiyo, bibi, vyote." Nikajua. Nikamwambia afute machozi, anywe chai, halafu anipigie tena jioni. Nilipokata simu nikaona bora niandike, maana nikimweleza yeye peke yake, kesho atanipigia mwingine na kuku wangu watakufa njaa.

Mashine yenyewe inafanya kromatografia ya kimiminika. Jina linatisha, kazi yake ni kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Kuna pampu inayosukuma maji na methanoli, aina ya spiriti, kwa nguvu kubwa kupitia bomba fupi la chuma lililojazwa unga laini mno. Bomba hilo ndilo kolamu. Sampuli unaidunga kabla ya kolamu, na upande wa pili kuna jicho la mashine, lenye taa yake, linalotazama kinachotoka. Kila kinachotoka kinachorwa kwenye skrini kama kilima, nasi tunakiita kilele. Tunakitambua kitu kwa muda kinaotumia kufika.

Kwa nini kimoja kinawahi na kingine kinachelewa? Chukua watu wawili wanaotoka kijiji cha Chiungutwa kuja Masasi asubuhi kwa miguu. Mmoja ni mgeni, hana ndugu njiani, anapita moja kwa moja. Wa pili ni mkwe wa nusu ya kijiji. Kila mlango shikamoo, kila mlango habari za watoto, habari za mikorosho, na kwa mama mkwe lazima akae kwenye kigoda. Wameondoka pamoja lakini watafika kwa kupishana sana. Ndani ya kolamu ni hivyo hivyo: kinachopenda ule unga kinasimama kila hatua kusalimia, kinachopenda maji kinapita. Sisi tulianza na maji mengi, halafu mashine ikawa inaongeza methanoli kidogo kidogo. Methanoli ni bodaboda iliyoletwa mlangoni kwa yule mwenye wakwe wengi. Akiiona anaaga, anapanda, anaondoka. Shikeni hilo la bodaboda, maana ndilo lililokuja kutuumbua.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Hilari, aliyekuwa mkuu wa maabara nilipoanza. Alikuwa mfupi, mkali, na alitembea na spana mfukoni hata siku ya Jumapili kanisani. Swali lake la kwanza kila asubuhi, kabla hata hajavua kofia, lilikuwa, "Presha ikoje leo?" Alikuwa anauliza presha ya pampu. Lakini dirisha lilikuwa wazi na watu wanapita. Siku moja akaingia babu mmoja, akakunja mkono wa kanzu hadi begani, akauweka mezani pembeni ya mashine. Akasema amesikia hapa presha inapimwa bila foleni. Mzee Hilari akamtazama, akatazama mashine, akasema, "Babu, hii yetu ikipanda inapasua bomba." Babu akashusha mkono wake haraka. Tulimpa chai tukamwelekeza hospitali, naye akawa anatupitia kila wiki kuulizia hali ya mashine, presha yake imeshuka au bado.

Presha inasema mengi ukijua kuisikiliza. Ikipanda polepole siku hadi siku, kuna uchafu unaziba, anza na chujio la mdomoni mwa kolamu. Ikicheza juu chini juu chini, pampu imemeza hewa; fungua valvu, sukuma hewa yote itoke, na uhakikishe maji yako umeyatoa hewa kabla ya kuyaweka. Ikishuka, kuna mahali panavuja. Msitafute kwa macho, macho yanadanganya. Chukueni karatasi laini kavu, mguse kila kiungio kimoja kimoja, na palipolowa ndipo penyewe. Mimi nilikuwa natumia karatasi ya chooni na sioni haya kusema.

Ila somo kubwa la Mzee Hilari lilikuwa moja, na ndilo lililomliza yule binti. Fundi mmoja aliyekuja kutoka mjini alikuta mashine yetu imegoma. Kwa asubuhi moja akabadilisha sili ya pampu, ile pete inayozuia kuvuja, kisha kolamu na taa. Mashine ikapona. Sisi tukapiga makofi, fundi akapangusa mikono, amejaa majivuno. Mzee Hilari akauliza, "Imepona ugonjwa gani?" Fundi akaonesha vyote vitatu. Basi mzee akamwambia arudishe vile vya zamani, kimoja baada ya kingine, hadi ikagoma tena, tukajua mgonjwa alikuwa sili peke yake. Yule fundi aliondoka bila kuaga. Badilisha kitu kimoja, tazama, halafu ndipo uguse kingine.

Sasa nije kwa Baba Zuhura, ambaye nilifanya naye kazi baada ya Mzee Hilari kustaafu. Huyu alikuwa na mikono mizuri kuliko mimi, nasema bila wivu, au kwa wivu kidogo. Alikuwa mzaliwa wa Newala, juu kabisa uwandani. Nanyi mnajua Newala: watu wako juu, maji yako chini bondeni. Mama yake alikuwa anateremka genge, ule ukingo wa mlima, na ndoo na kupanda nayo, na mtoto aliyemwaga maji nyumbani kwao alilala amechapwa. Mtungi wao haukuwahi kuwa mtupu. Maji yakipungua, unaongezea. Maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwa kuku, ya kunawia yanakwenda kwenye mche wa mpapai. Sisi wa Masasi tulimtania kwamba ana mkono wa birika. Yeye alijibu kwamba la kwake angalau lina maji ndani.

Ulikuwa msimu wa karanga. Kutoka Makote, huko huko uwandani Newala, walikuja akina mama wa kikundi kimoja, na kiongozi wao Mama Asha, mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo huwezi kuikatiza. Walilima karanga katikati ya mikorosho, na mwaka ule walikuwa wamepata mnunuzi wao wa kwanza wa maana, kiwanda cha unga wa uji wa watoto. Mama Asha ndiye aliyewashawishi wenzake wasiwauzie walanguzi wa barabarani, wasubiri. Wengine walinuna, wakasubiri. Sasa magunia yao yote yalikuwa stoo kwetu, lori la kiwanda limesimama uani, na kilichobaki ni neno letu. Tukisema safi, yanapakiwa. Tukisema sumu, yanachomwa yote kwenye shimo nyuma ya jengo, na msimu ujao hakuna wa kumsikiliza Mama Asha.

Baba Zuhura akadunga sampuli. Kilele kikapanda mahali pa sumukuvu, kipana, kirefu, hadi kikagonga juu ya skrini.

Meneja wetu aliitwa akatazama. Alikuwa kijana bado, mtu mwema, na siku ile mtoto wake wa kwanza alikuwa ndio kwanza ameanza kula uji. Akatoka uani kuwaambia. Nilimfuata kwa sababu sikutaka Mama Asha ayasikie maneno yale bila kuwepo mwanamke mwenzake.

"Shikamoo, mama," meneja akasema. "Pole sana. Karanga zina sumu. Itabidi zichomwe."

"Marahaba," Mama Asha akaitikia. "Tumezianika kwenye turubai, hazikugusa udongo. Tumechambua moja moja, mbovu tumetupa. Hiyo sumu imeingilia wapi?"

"Mashine imeiona, mama."

"Basi na mimi nataka kuiona."

Wenzake walikuwa wamekaa chini kivulini mwa lori. Mmoja alikuwa ameshashika tama, mwingine alianza kusema kwa sauti kwamba walanguzi wasingepima chochote. Mama Asha hakumgeukia. Nikamshika mkono nikamwingiza maabara, jambo ambalo haliruhusiwi, na kama meneja yule anasoma hapa anisamehe.

Nikamwonesha kilele. Alikitazama kwa muda mrefu, halafu akaninong'oneza, "Ndiyo hiki tu? Mbona kama kichuguu." Na kwa kweli kilikuwa kama kichuguu. Sumukuvu halisi inatoka nyembamba, imesimama. Hiki kilikuwa kimekaa kitako. Nikakilinganisha na kile cha sumu tunayoijua. Muda ulikuwa karibu sana, ila hiki kilichelewa kidogo tu.

Halafu nikakumbuka mahindi. Asubuhi hiyo hiyo tulikuwa tumepima mahindi ya mtu mwingine, nayo tuliyaweka pembeni kwa sababu ya kilele hicho hicho. Nikaipandisha michoro miwili pamoja kwenye skrini. Karanga za Makote na mahindi ya shamba jingine, kilele kimoja, umbo moja, urefu karibu sawa. Mazao mawili ya mashamba mawili hayawezi kuumwa sawasawa namna hiyo.

"Baba Zuhura," nikasema, "dunga sindano tupu."

"Tupu ya nini?"

"Usiweke karanga wala mahindi. Methanoli safi peke yake."

Akadunga. Tukasubiri, Mama Asha amesimama nyuma yetu amejifunga khanga kiunoni. Mstari wa chini ukaenda, ukaenda, na pale pale kichuguu kikapanda.

"Kumbe hata pasipo na karanga sumu ipo," Mama Asha akasema.

Meneja alikuwa mlangoni. Alisema huenda sindano imechafuliwa na karanga zenyewe. Ilikuwa hoja nzuri, nami nilimheshimu kwa hiyo. Tukaosha sindano, tukadunga tena. Kikapanda. Tukaiendesha mashine bila kudunga chochote kabisa. Kikapanda. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mwenye wakwe wengi na bodaboda yake. Nikasema tuiache mashine isukume maji peke yake muda mrefu, tukanywe chai, halafu tuongeze methanoli. Tuliporudi tukaongeza methanoli, na kichuguu kikapanda kinene zaidi. Nikaelewa. Uchafu ulikuwa unakuja na maji, unakaa mwanzoni mwa kolamu unasalimiana, unazidi kuongezeka, na methanoli ikifika wote wanapanda kwa mpigo mmoja. Kadiri tulivyokawia, ndivyo walivyojaa kituoni.

"Maji haya ni ya lini?" nikamuuliza Baba Zuhura.

"Ya leo. Nimeyachuja mwenyewe asubuhi."

"Yote?"

"Nimeongezea tu."

"Na jana?"

"Jana pia niliongezea."

"Chupa hii imewahi kumwagwa lini?"

Mkono wake ulikwenda wenyewe ukaishika chupa shingoni, jinsi mtu anavyomshika mtoto karibu na barabara. Nikapitisha kidole ndani ya shingo ya chupa. Utelezi. Ule utelezi wa ndani ya mtungi wa zamani. Maji yalikuwa yanang'aa, ungeyanywa, lakini vijidudu vilikuwa vimejijengea kijiji humo ndani, na kila asubuhi Baba Zuhura alikuwa anaviletea maji mapya.

"Tumwage," nikasema.

Ndipo Mama Asha, ambaye karanga zake zote zilikuwa zinasubiri shimo, akanyoosha mikono. "Umwage maji haya? Mama Tumaini, maji safi namna hii? Nipe basi nikanawie miguu."

Ikabidi nicheke, na roho iko mkononi. Watu wawili wa uwandani wananitazama mimi wa Masasi kama muuaji. Baba Zuhura akainua chupa.

"Niache nimwage mwenyewe," akasema. Tukatoka naye uani. Akaiinamisha juu ya mtaro, maji yakaenda, naye ametazama pembeni. "Bora mama hayupo hapa," akasema.

Kazi iliyobaki mnaijua, na kama hamuijui jifunzeni. Chupa ikaoshwa kwa methanoli, chujio la mrija unaonyonya maji chupani likatupwa, kolamu ikasukumiwa methanoli nyingi hadi mstari ukanyooka. Tukatengeneza maji mapya kwenye chupa nyingine, mapya yote. Dereva wa lori alikuja mara kadhaa kuuliza. Meneja alikuja mara nyingi zaidi.

"Mama Tumaini, nikikosea mimi, anayekula ni mtoto," akaniambia. Hakuwa na ukali.

"Ndiyo maana napima tena."

Tukaanza na sindano tupu. Mstari ukaenda umelala, mahali pa kichuguu pakapita, hapakuwa na kitu. Baba Zuhura akatoa pumzi. Tukadunga karanga za Makote. Mstari ukaenda umelala vilevile, mahali pa sumu pakapita.

Mimi nilitaka kurukaruka. Meneja hakutaka.

"Nitajuaje kwamba sasa mashine haijapofuka?" akauliza. "Asubuhi iliona kisichokuwepo. Sasa labda haioni kilichopo."

Wanangu, mkubwa wenu akiuliza swali kama hilo msinune. Lilikuwa swali bora kuliko yote ya siku ile. Nikachukua karanga zile zile, nikazitia tone la sumu ya kulinganishia tuliyoitunza kwenye friji, kidogo kabisa, nikazitayarisha upya na kudunga. Baba Zuhura alikuwa amepiga magoti mbele ya skrini. Muda wake ulipofika kikachomoza, chembamba, kimesimama, kinajitegemea, mahali pake hasa. Mashine ilikuwa inaona. Kwenye karanga za Mama Asha hakukuwa na cha kuona.

Yale mahindi tuliyarudia pia, nayo yalikuwa mazima. Na yule binti wa simu, nilipomwuliza jioni kama maji yake huwa anayaongezea, aliniambia ndiyo, kila asubuhi. Alinipigia tena siku ya pili, safari hii anacheka.

Furaha niliyokuwa nayo mchana ule wa karanga sijawahi kuipata tena kazini, na nimepewa hadi cheti cha kustaafu chenye fremu. Nilitaka nitoke mbio nikawaambie, lakini meneja ndiye aliyewapa habari mbaya, na niliona ni haki yake awape na nzuri. Akatoka. Akina mama wakasimama wote.

"Mama Asha," akasema, "karanga zenu ni safi. Kosa lilikuwa kwetu, kwenye maji yetu. Nawaomba radhi. Pakieni."

Wenzake wakageuka kumtazama Mama Asha, hata yule aliyewasifu walanguzi. Yeye alikwenda kwenye gunia la sampuli lililokuwa wazi mlangoni mwa stoo, akachota karanga, akapuliza maganda, akamletea meneja kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Ulikuwa unawaogopea watoto wa watu. Na wewe ni mtoto wa mtu. Kula."

Dereva alikuwa ameacha mlango wa lori wazi, Baba Zuhura amesimama na chupa tupu mkononi. Meneja akazitazama karanga, akazitia mdomoni zote kwa pamoja, akatafuna, akameza. Halafu akanyoosha mkono aongezwe nyingine, na vigelegele vikapigwa hadi wauguzi wakatoka barabarani kutazama kuna harusi ya nani.